Tukio la Kumi na Tatu

Ilikuwepo nchi moja, na hakuna haja ya kuuliza iko upande gani, maana waliowahi kuionyesha kwa kidole walirudi kwao na vidole tisa. Ilikuwa nchi ya utaratibu. Kwingine mambo hutokea kwanza, ndipo watu huyaandika. Kule yaliandikwa kwanza. Kila mwezi wa kwanza Wizara ya Matukio ilitengeneza Kitabu cha Mwaka, chenye matukio makubwa kumi na mawili, moja kwa kila mwezi, kisha mwaka ukaamriwa ukifuate Kitabu. Kwa kawaida mwaka ulitii.

Siku ya mwisho wa mwaka wananchi wote walikusanyika viwanjani kukisikiliza Kitabu kikisomwa. Msomaji alisoma tukio, akatua, na umati ukaitikia kwa sauti moja: “Tulikuwepo!” Waliitikia kwamba walikuwepo kiwanda cha viatu kilipofunguliwa, ingawa wengi waliitikia hivyo wakiwa pekupeku. Waliitikia kwamba walikuwepo adui aliposhindwa mpakani, ingawa adui mwenyewe hakuwa ameambiwa. Sheria yake ilikuwa fupi, hata watoto wa chekechea waliijua: kilichosomwa kikaitikiwa, kimekuwa; kisichosomwa, hakikuwa.

Miaka ya nchi ile ilihesabiwa tangu Mtukufu Baba wa Miaka alipoingia Ikulu. Katiba ilisema atapumzika utakapoisha mwaka wa thelathini. Mambo yanayosimuliwa hapa ni ya mwaka wa ishirini na tisa.

Mwaka huo wizara iliajiri binti mmoja jina lake Siwatu, aliyekuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya historia na mwandiko mzuri. Wizara ilimchukua kwa sababu ya mwandiko. Yeye alidhani ni kwa sababu ya historia. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba nchi inayotunza kumbukumbu zake haiwezi kupotea njia, na siku aliyokabidhiwa kalamu ya wino wa zambarau aliipeleka nyumbani kumwonyesha mama yake kama watu wanavyopeleka mchumba.

Mama yake, Bi Kidawa, alikuwa kiongozi wa Kikundi cha Kina Mama wa Mapokezi. Hakuna mgeni aliyeshuka kwenye ndege wala bomba lililofunguliwa maji bila Bi Kidawa kucheza ngoma. Aliigeuza ile kalamu huku na huku, akairudisha.

“Nzuri. Ila nikwambie, mwanangu. Mimi nimeitikia miaka ishirini na minane. Hili koo langu lina historia kuliko hicho kitabu chenu.”

“Ndiyo maana nimeingia, mama. Tutakiandika vizuri.”

“Haya. Mkishakiandika vizuri, mniandikie na goti langu. Linauma tangu tukio la uwanja wa ndege.”

*

Kikao cha matukio kilifanyika Ikulu. Mtukufu alikaa kichwani mwa meza. Kando yake alikaa Mkurugenzi wa Matukio, Bwana Mkomwa, mtu mnene mwenye sauti ya kuomba radhi, na nyuma ya Bwana Mkomwa alikaa Siwatu na penseli na kifutio, maana rasimu iliandikwa kwa penseli.

“Mwezi wa nne una nini?” akauliza Mtukufu.

Bwana Mkomwa akafunua karatasi. “Mwezi wa nne, Mtukufu, una mvua.”

“Mvua ni tukio?”

“Ni tukio dogo, Mtukufu.”

“Nani aliiruhusu?”

Mawaziri wawili waliangalia dari, kana kwamba mvua ilikuwa imepangwa na wizara iliyoko huko juu.

“Mwezi mzima wananchi wangu wakae bila kufurahi?” akasema Mtukufu kwa uchungu. “Watazoea.”

Ikapekuliwa rasimu kutafuta furaha iliyo karibu. Mwezi wa saba kulikuwa na ufunguzi wa Daraja la Shukrani juu ya mto unaougawa mji mkuu. Ikaamuliwa daraja lirudishwe nyuma miezi mitatu. Mwezi wa saba, ili usibaki mtupu, ukapewa jino la Mtukufu, litakalong'olewa salama.

Bwana Mkomwa akageuka. “Binti, toa tarehe. Yoyote.”

Siwatu hakuwahi kuombwa kitu kikubwa namna hiyo. Akafikiri upesi, akataja siku aliyozaliwa yeye. Alimwona mama yake akicheza juu ya daraja jipya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, akaona ni zawadi ambayo mshahara wake usingeweza kununua.

“Tarehe kumi na moja, Mtukufu.”

“Andika.”

Akafuta, akaandika. Mwandiko ulitulia kama maji mtungini.

*

Mwezi wa tatu ukiwa katikati, alikuja wizarani Injinia Luhende, mjenzi wa daraja. Hakubisha hodi. Aliweka juu ya meza ya Bwana Mkomwa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakifungua. Lilikuwa bonge la zege. Akalibonyeza kwa kidole gumba, nalo likamomonyoka kama kiporo cha ugali.

“Hii imetoka nguzo ya kati, bosi. Zege bado bichi, tena mmenikatia saruji nusu ili mpake rangi. Nipeni mpaka mwezi wa saba kama tulivyoandikiana.”

Bwana Mkomwa aliyatazama yale makombo kwa masikitiko ya kweli. “Injinia, hili zege limesomewa Kitabu?”

“Zege halisomewi, bosi.”

“Basi hapo ndipo tatizo lilipo.”

Kesho yake Injinia Luhende alipandishwa cheo na kuhamishiwa wilaya isiyo na mto. Makombo yakabaki mezani. Siwatu ndiye aliyeyafagia kwa kiganja, na kwa namna asiyoielewa hakuweza kuyatupa. Aliyaweka kwenye bahasha, bahasha akaitia mkobani.

Jioni ya tarehe kumi ya mwezi wa nne alimkuta mama yake akipiga pasi khanga ya sherehe, iliyochapwa picha ya daraja.

“Mama, kesho msisimame katikati.”

“Tusimame wapi?”

“Pembeni. Ukingoni kabisa.”

Bi Kidawa akacheka. “Ngoma inachezwa pembeni? Tumepangiwa katikati, sisi na bendi ya Magereza. Una nini wewe?”

Siwatu alikuwa na la kusema, na ulimi ulikuwa mzima. Lakini alikuwa ameapa kiapo cha wizara kwamba hatatamka tukio lisiloandikwa. Tena, na hili ndilo lililomtafuna baadaye, sehemu fulani ya moyo wake iliamini kwamba kitu kilichoandikwa vizuri hivyo hakiwezi kuanguka.

“Basi tu, mama. Goti lako.”

“Goti langu kesho litapona. Siku yako hiyo.”

*

Daraja lilifunguliwa saa nne asubuhi kama lilivyoandikwa. Mtukufu alikata utepe ukingoni. Katikati, kina mama thelathini walizunguka wakicheza, na bendi ya Magereza yenye watu kumi na mmoja ilipiga tarumbeta kwa nguvu hata ndege wakahama mitini. Siwatu alisimama ukingoni na rasimu mkononi, kazi yake ikiwa kuweka alama ya vema pale tukio litakapotimia. Alimwona mama yake akimpungia khanga. Akaweka alama ya vema.

Ndipo nguzo ya kati ikaketi chini, polepole, kama mtu aliyechoka kusimama.

Hakukuwa na kishindo kikubwa. Tarumbeta zilinyamaza, kisha maji yakafunga mdomo. Mshereheshaji, ambaye alikuwa amepewa hotuba ya kurasa sita, aliangalia mto, akamwangalia Bwana Mkomwa, akaendelea na ukurasa wa tatu. Msafara wa Mtukufu uligeuza magari kwa utaratibu. Wavuvi wa kambare ndio walioingia majini, na hadi alasiri walikuwa wamewatoa wote arobaini na mmoja. Hakuna aliyetoka anapumua.

Redio ilitangaza saa mbili usiku: “Daraja la Shukrani limefunguliwa leo kwa shangwe kuu. Kikundi cha burudani na bendi walionyesha moyo wa kujitolea usio na mfano.”

*

Chumba cha maiti cha hospitali kuu kilikuwa chini ya karani mmoja mwembamba, Bwana Ngoda, mwenye kalamu tano mfukoni zilizopangwa kwa urefu. Siwatu alikwenda pamoja na mama yake mdogo, Mwanakombo, kumchukua Bi Kidawa wakamzike.

“Poleni sana,” akasema Bwana Ngoda, na alimaanisha. “Fomu mmejaza?”

Siwatu akampa. Bwana Ngoda akaisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja.

“Hapa pameachwa wazi. Aliyekufa kwa ugonjwa anaandikiwa ugonjwa. Aliyekufa kwenye tukio anaandikiwa namba ya tukio.”

“Tukio la nne,” akasema Siwatu.

“Tukio la nne ni ufunguzi, dada yangu. Katika ufunguzi hafi mtu.”

“Wewe mwanaume,” akasema Mwanakombo, “dada yangu huyo hapo nyuma yako amelala kwenye barafu, nawe unaniambia hafi mtu?”

“Sisemi hajafa, mama. Nasema bado hajaanza kuwa marehemu.” Akashusha sauti. “Wote arobaini na mmoja nimewaandika *Waliochelewa Kurudi Nyumbani*. Hakuna kisanduku kingine. Nami nikimtoa mtu bila kisanduku, kesho naingia humo mwenyewe. Niletee namba, dada. Namba moja tu iliyosomwa ikaitikiwa. Wallahi nitafungua milango hii hata kama ni sikukuu.”

Siwatu alirudi wizarani akapiga magoti mbele ya meza ya Bwana Mkomwa. Aliomba mstari mmoja tu, hata kwa maandishi madogo, hata chini ya ukurasa. Bwana Mkomwa alilia pamoja naye, maana alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Kisha akajifuta.

“Mwanangu, matukio ni kumi na mawili. Nikikupa wewe la kumi na tatu, kesho atakuja mwenye njaa atataka la kumi na nne, na keshokutwa mwenye kuteswa la kumi na tano. Tutakuwa na kitabu kinene kiasi gani?”

Mwaka ukaendelea. Mwezi wa tano sukari ilishuka bei kwa siku moja, na siku hiyo maduka yalifungwa kwa furaha. Mwezi wa saba jino la Mtukufu liling'olewa, likatembezwa mikoani ndani ya sanduku la kioo, na watu walisimama juani kulipungia. Mwezi wa nane adui alishindwa. Mwezi wa kumi wizara ilipeleka ilani nyumba kwa nyumba: Waliochelewa Kurudi Nyumbani watanyang'anywa nafasi zao katika vikundi vya mapokezi wasipojieleza kwa maandishi. Barua ya Bi Kidawa ililetwa nyumbani, ikamtaka atie saini. Siwatu aliipokea kwa niaba yake. Kila Ijumaa alikwenda hospitali na Mwanakombo, wakakaa kwenye benchi nje ya mlango wa baridi, wakarudi.

Majirani walianza kuwakwepa. Si kwa ubaya. Mtu hajui ampe pole vipi aliyefiwa na mtu ambaye hajafa.

*

Mwezi wa kumi na mbili Siwatu alikabidhiwa kazi ya kunakili Kitabu kwa wino, nakala safi itakayosomwa. Aliandika kurasa kumi na mbili kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alifungua mkoba akitafuta karatasi ya kukaushia wino, mkono ukakuta bahasha. Ilikuwa nzito kuliko ilivyostahili. Aliifungua, akatazama yale makombo, yaliyokuwa yamegeuka vumbi tu, halafu akafungua ukurasa mpya.

Aliandika kwa mwandiko ule ule.

Kiwanja kikuu kilijaa tangu alfajiri, na redio ilirusha sherehe moja kwa moja nchi nzima. Msomaji alikuwa Mzee Badi, aliyesoma Kitabu kwa miaka ishirini na minane kwa sauti ya kutetemesha vioo. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwahi kusikia alichokisoma. Macho yake yalisoma, koo likatoa, na mawazo yake yalikuwa kijijini yakihesabu mbuzi.

“Tukio la kwanza! Mtukufu aliota ndoto njema kuhusu taifa!”

“Tulikuwepo!”

Wakaenda hivyo. Kwenye la nne, daraja, itikio lilipungua kidogo, kama redio inayoishiwa betri, likarudi. Wakafika la kumi na mbili. Bendi mpya ilishainua tarumbeta. Mzee Badi akafunua ukurasa.

“Tukio la kumi na tatu!” akanguruma. “Tarehe kumi na moja ya mwezi wa nne, Daraja la Shukrani lilianguka, kwa kuwa lilifunguliwa kabla ya kukauka, kwa tarehe iliyotajwa na mwandishi wa Kitabu hiki. Wakafa watu arobaini na mmoja, na majina yao ni haya. Kidawa binti Shomvi...”

Aliyasoma yote. Alipofika jina la ishirini, koo lake lilianza kusikia. Sauti ilishuka, ikakwaruza, lakini hakujua namna ya kuacha ukurasa nusu. Miaka ishirini na minane hakuwahi kufundishwa. Akamaliza, akatua.

Kiwanja kilinyamaza. Kimya hicho hakikuwa kimeandikwa popote. Siwatu, aliyesimama nyuma ya jukwaa, alihesabu pumzi zake mwenyewe. Lisipoitikiwa, basi halikuwa, na mama yake atabaki amechelewa kurudi nyumbani milele.

“Tulikuwepo.”

Ilikuwa sauti ya Mwanakombo, haikuwa kubwa. Kisha mvuvi mmoja wa kambare: “Tulikuwepo.” Kisha upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kiwanja kizima, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile neno hilo lilitamkwa na watu waliojua walichokuwa wakisema. Hata Bwana Mkomwa aliitikia kwa mazoea, akaziba mdomo kwa mikono miwili, amechelewa.

Siwatu alikamatwa hapo hapo. Hakukimbia. Alikuwa akiangalia upande wa hospitali.

*

Yaliyofuata yalijadiliwa Ikulu kwa siku tatu. Tatizo lilikuwa la kisheria. Tukio limesomwa, limeitikiwa, tena Mkurugenzi mwenyewe kaitikia. Haliwezi kufutwa. Mawaziri walikuna vichwa mpaka Mtukufu mwenyewe akapata jibu.

“Tukio halifutiki,” akasema. “Mwaka je?”

Siku ya nne ilitangazwa kwamba mwaka wa ishirini na tisa haukuwepo. Ulioanza sasa ndio mwaka wa ishirini na tisa, na ule uliopita wananchi waliombwa wausahau kwa moyo wa uzalendo. Waliooa mwaka ule wakawa wachumba. Watoto waliozaliwa mwaka ule walitakiwa kusubiri. Na kwa bahati njema ambayo hakuna aliyekuwa ameiwazia, mwaka wa thelathini, ule wa Mtukufu kupumzika, ukasogea mbele mwaka mmoja. Magazeti yalimsifu kwa kujitwisha mzigo huo.

Kesi ya Siwatu ilimtoa hakimu jasho. Kosa lilitendwa siku ambayo haikuwepo, kwa hiyo haliwezi kushtakiwa. Lakini mshtakiwa naye aliingizwa mahabusu siku hiyo hiyo, kwa hiyo kisheria hakuingizwa. Na asiyeingizwa anawezaje kutolewa? Hakimu alifunga jalada akaenda kula. Siwatu alibaki gerezani bila kosa, bila hukumu na bila tarehe. Wafungwa wenzake walikwaruza siku zao ukutani. Yeye hakuwa na siku ya kuanzia.

Hayo yote aliyastahimili. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomwamsha na kumlaza, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia. Kati ya kusomwa kwa tukio na kufutwa kwa mwaka zilipita siku tatu. Je, Bwana Ngoda alifungua milango? Mwanakombo aliwahi? Au mama yake bado amelala kule, na safari hii amechelewa kurudi kutoka mwaka usiokuwepo?

Hakulipata jibu mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu.

Asubuhi ya tarehe kumi na moja ya mwezi wa nne askari wa zamu alikuwa mgeni, mwanamke wa makamo aliyeitwa Afande Msifuni. Alileta uji, akausukuma chini ya nondo, lakini hakuondoka. Alichuchumaa.

“Wewe ndiye mwandishi?”

“Ndimi, Afande.”

“Uliyetaja ile tarehe.”

Siwatu aliinamisha kichwa. “Ndiye mimi.”

“Mume wangu alikuwa bendi ya Magereza,” akasema Afande Msifuni. “Tarumbeta. Ulimwandika wa kumi na nne.”

“Sudi Makame,” akasema Siwatu.

“Sudi Makame,” akarudia Afande. “Nilipomsikia kwenye redio nilikimbia hospitali bila viatu. Yule karani alikuwa tayari kafungua milango yote miwili, kasimama na kalamu, anaandika kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu, analia kama mtoto. Ilikuwa sikukuu, hakuna gari. Tuliwabeba. Makaburi tulichimba mfululizo, usiku na mchana, siku mbili. Walipokuja kusema mwaka haupo tulikuwa tunasawazisha udongo. Wakatuamuru tufukue. Hakuna aliyeshika jembe. Nao hawakushika.”

Siwatu alishika nondo.

“Kushoto kwa mume wangu kuna mama mmoja,” akasema Afande Msifuni. “Alifungwa khanga ya daraja ndani ya sanda, dada yake alikataa isitupwe. Sikujua ni nani, nikauliza, akaniambia. Tulipomshusha, nikashika upande wa miguu.”

Uji ulikuwa umepoa. Nje kengele ililia, na mahali fulani walinzi waliitana.

“Sikuwepo,” akasema Siwatu. Alikuwa ameitikia kila mwaka tangu alipojua kusema, na hakuwahi kulitamka neno hilo. “Mama yangu alizikwa, nami sikuwepo.”

Afande Msifuni akapitisha mkono katikati ya nondo, akamshika kiganja, akakikaza.

“Mimi nilikuwepo,” akasema.